Waya Ulioishia Chini ya Nyumba

Wanachama wenzetu, katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za mavuno na maghala, na za mikopo iliyolipwa na ile ambayo bado inatafutwa. Sisi tumepewa kueleza jambo dogo zaidi, nalo ni waya. Kazi hiyo tuliipokea kwa kicheko kidogo, maana hakuna aliyejiunga na ushirika kwa ajili ya waya. Lakini katika miaka hii kumi hakuna jambo dogo lililotuletea barua nyingi kama hili, nasi tumeona vema historia yake iandikwe mara moja, ili isije ikazungumzwa upya kila mwaka.

Wengi mnakumbuka jinsi tulivyoijenga nyumba ya Chama, tukaweka ofisi zetu katika ghorofa za chini, na vyumba vya juu tukavipangisha ili kodi isaidie kulipa deni. Mpangaji mmoja wa juu aliagiza intaneti kwa kampuni moja ya simu. Mafundi walikuja siku waliyoahidi. Wakavuta waya kutoka nguzoni, wakauingiza katika kijichumba kilicho nyuma ya ngazi, wakafunga kisanduku ukutani, wakaandika katika karatasi yao kwamba kazi imekwisha, wakaenda zao. Mwisho wa mwezi ankara ikaja. Mpangaji hakuwa amepata hata neno moja kwa waya ule, kwa kuwa yeye alikuwa ghorofa ya nne, na waya ulikuwa nyuma ya ngazi. Alipoilalamikia kampuni aliambiwa kwamba mpaka wao ni pale kisandukuni. Alipokuja kwetu, karani wetu alimjibu kwamba Chama hupangisha vyumba, hakipangishi nyaya. Kwa miezi mitatu alilipia kitu asichokitumia, na mwezi wa nne akatuandikia kwamba anakusudia kuhama.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nasi, kusema kweli, hatukujua ni nani kati ya hao watatu aliyekosa. Ndipo tulipoanza kuuliza huku na huku, na jibu refu kuliko yote tukalipata katika historia ya Marekani. Huko swali hili la waya kuishia chini ya nyumba limepelekwa mbele ya mahakama na mbele ya tume ya serikali, tena zaidi ya mara moja. Na huko ndiko huduma ya Etheneti ipitayo katika nyaya za shaba nyekundu ilikolifanya swali hilo kuwa kali kuliko lilivyopata kuwa.

Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa simu ya kusemea tarehe 7 Machi 1876. Hati zake mbili kubwa zilikwisha muda wake mwaka 1893 na mwaka 1894, na tangu hapo watu wengine wakawa huru kutengeneza simu na kuvuta nyaya. Kampuni za Bell zilipenda miji, ambako nyumba zimekaribiana na kila hatua ya waya ina mlipaji wake. Mashambani hazikwenda, au zilikwenda kwa bei ambayo mkulima hakuiweza. Basi wakulima wakakusanyana. Mmoja alitoa fedha kidogo, mwingine nguzo alizozikata mwenyewe, mwingine siku kadhaa za kuchimba mashimo. Katika nchi za mifugo za magharibi wengine hawakuvuta waya mpya kabisa, bali waliunganisha simu na seng'enge ya ua wa ng'ombe, kwa kuwa waya wa miiba nao ni waya, wakatumia shingo za chupa kuuzuia umeme usipotelee nguzoni. Mvua iliponyesha sauti ilififia. Ng'ombe alipovunja ua, mazungumzo yalikatika. Nyumba nyingi zilitumia waya mmoja, kila nyumba ikiwa na mlio wake, mrefu mmoja na mifupi miwili, au vinginevyo, na yeyote aliyetaka kujua ya jirani aliinua chombo chake akasikiliza.

Hatuyasemi haya ili kuwachekesha wasomaji. Katika vyama vile vya wakulima hapakuwa na mpaka wowote katika waya. Mwenye waya na mwenye kusema alikuwa mtu yule yule, na waya ukikatika karibu na zizi lako ulichukua koleo ukaenda kuuunga. Ni kweli pia kwamba nyingi za nyaya hizo zilizeeka bila kutunzwa, na miaka ya shida ya fedha ilipokuja zikaachwa. Mwaka 1920 mashamba yapata 39 katika kila 100 ya Marekani yalikuwa na simu; mwaka 1940 yalikuwa 25 tu. Ilipasa kungoja sheria ya tarehe 28 Oktoba 1949, iliyoiruhusu Serikali kuwakopesha wenye simu za mashambani, vyama vya ushirika vikiwamo. Vingine vya vyama hivyo viko mpaka leo, navyo siku hizi huwauzia wanachama wao intaneti.

Mijini mambo yalikuwa namna nyingine. Huko kampuni ya AT&T na matawi yake, waliyoyaita kwa pamoja mfumo wa Bell, ilimiliki kila kitu, tangu nguzo na waya wa barabarani hata waya wa ndani ya ukuta na chombo chenyewe kilichokaa mezani. Mtu hakununua simu, aliikodi. Katika nyumba ya ghorofa mafundi wa kampuni walipandisha nyaya zao tangu chini mpaka juu, wakaingia katika chumba cha mpangaji, na kama kitu kiliharibika walikuja wao kukitengeneza. Kwa hiyo mpaka wa kampuni ulikuwa sikio la mtu. Utaratibu huo ulikuwa na fadhila yake, nayo tusiidharau: palikuwa na mmoja tu wa kulaumiwa.

Ubaya wake ulikuwa kwamba mwenye nyaya alijifanya pia mwenye sikio. Masharti yake yalikataza mtu asiunganishe kitu chochote kisichotoka kwa kampuni. Palikuwa na kikombe kidogo kilichoitwa Hush-A-Phone, kilichopachikwa mbele ya mdomo wa simu ili wenzio chumbani wasisikie usemayo. Hakikuwa na umeme wala waya. Hata hicho kampuni ilikikataza, na Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu ikakubaliana nayo, mpaka Mahakama ya Rufani huko Washington ilipoutangua uamuzi huo mwaka 1956, ikisema kwamba mtu anayo haki ya kuitumia simu yake kwa manufaa yake maadamu hawadhuru wengine. Baadaye akatokea Thomas Carter wa Texas, ambaye tangu mwaka 1959 aliuza chombo cha kuunganisha simu na redio za upepo za watu waliofanya kazi mbali na waya. Aliuza yapata 3,500, kampuni ikawatishia wanunuzi wake, naye akaenda mbele ya sheria. Tarehe 26 Juni 1968 Tume ikaamua kwamba Carter yuko katika haki, na kwamba masharti yale hayakuwa halali tangu yalipoandikwa.

Kuanzia hapo ukuta ulikuwa umetobolewa. Mwaka 1975 Tume iliweka utaratibu wa kuviandikisha vyombo vya watu binafsi ili viunganishwe kwa kitundu cha kawaida cha plastiki, kile kile ambacho wengi wetu tumekiona nyuma ya simu za mezani. Tarehe 1 Januari 1984 mfumo wa Bell ukavunjwa vipande, na simu za mitaa zikaangukia kampuni saba. Tangu tarehe 1 Januari 1987 kazi ya kutia na kutengeneza nyaya za ndani ya nyumba ikaondolewa katika bei zilizosimamiwa na serikali, na fundi yeyote akawa huru kuifanya.

Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini mtu akigawana shamba na ndugu yake hana budi kupanda miti ya mpaka, na hapa swali likawa mti upandwe wapi. Mwaka 1990 Tume ilitoa kanuni ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayofuatwa hata sasa. Katika nyumba ya mtu mmoja, mpaka uwe ndani ya sentimita 30 hivi za kile kisanduku cha kukinga radi, au za pale waya unapoingia nyumbani. Katika nyumba ya wapangaji wengi iliyotiwa nyaya baada ya tarehe 13 Agosti 1990, kampuni inaweza kufanya desturi ya kuuweka mpaka pale waya unapoingia mara ya kwanza katika kiwanja au katika jengo. Kama haina desturi hiyo, mwenye nyumba ndiye anayechagua. Nyumba za zamani ziliachiwa desturi za zamani, maadamu kampuni haikumpendelea mmoja na kumwonea mwingine.

Ninyi mnaoleta mazao mtaifahamu kanuni hiyo bila shida. Gunia likiwa njiani juu ya baiskeli ni la mkulima, na likilowa ni lake. Likishapimwa mizanini na stakabadhi ikaandikwa, ni la chama cha msingi. Mizani ndiyo mpaka. Kampuni za simu zilichofanya ni kuiteremsha mizani kutoka mezani kwa mpangaji na kuiweka chini ya nyumba, na stakabadhi ikaandikwa huko huko chini, mpangaji akiwa juu, hajui kwamba mzigo umekwisha kuwa wake.

Kwa simu ya kawaida jambo hili halikuwasumbua wengi. Nyaya za zamani za ndani zilikuwapo tayari, na sauti ya mtu haihitaji njia nzuri sana. Shida yenyewe ilikuja na Etheneti.

Etheneti ndiyo njia ambayo kompyuta za ofisi moja hupelekeana habari. Ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs. Kwanza ilipita katika waya mnene mmoja uliozunguka ofisi nzima. Mwaka 1990 kanuni zake zikairuhusu kupita katika jozi za nyaya zilizosokotwa, kama zile za simu. Kusokota huko ni ubunifu wa zamani, na Bell mwenyewe aliuandikisha mwaka 1881. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele inayoingia katika mmoja huingia katika mwenzake kwa kiasi kile kile, na mwishoni kelele hizo hufutana. Msomaji alishike neno hilo la kusokotwa, maana mbele litatokea tena.

Etheneti ilikuwa ya ndani ya ofisi, na umbali wake katika nyaya hizo ni meta 100, hauzidi. Njia ya kutoka ofisini kwenda mjini ilikuwa nyingine. Ofisi iliyotaka njia ya kompyuta ilikodi ile waliyoiita T1, iliyoanza kutumika Chicago mwaka 1962, nayo ilichukua megabiti 1.5 kwa sekunde katika jozi mbili za shaba. Kisha sheria ya tarehe 8 Februari 1996 ikazilazimisha kampuni kubwa kuwakodishia washindani wao jozi zilizolala chini ya mitaa. Washindani wakaleta mashine zao. Mwaka 2004 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kikatoa kanuni ya kuipitisha Etheneti katika nyaya hizo za shaba kutoka kituo cha simu hadi kwa mteja. Jozi moja ilitakiwa kuchukua megabiti 2 kwa umbali wa meta 2,700, na karibu na kituo ingeweza kupita 5. Tena jozi kadhaa, mpaka 32, ziliweza kufungwa pamoja zikafanya kazi kama moja. Jozi nane kwa umbali ule zikatoa megabiti 16. Mteja aliyezoea T1 yake akaambiwa atapata mara kumi ya mwendo wake wa zamani, bila barabara kuchimbwa, katika shaba iliyozikwa pengine kabla yeye hajazaliwa.

Ilikuwa kazi nzuri ya wahandisi, wala hatuna la kuikosoa. Kosa lilikuwa katika meta chache za mwisho, ambazo wahandisi wale hawakuulizwa habari zake.

Chini ya nyumba ya ofisi ya Marekani kuna chumba ambacho wapangaji wengi hawajapata kukiona. Ukutani mna mbao, na juu ya mbao vibao vyeupe vyenye safu za meno madogo ya chuma. Jozi za kampuni hushukia upande mmoja, na jozi za nyumba, zile zipandazo katika ghorofa, huanzia upande wa pili. Kati yake fundi huweka nyuzi fupi za kuunganishia. Jozi za nyumba huja katika mafungu ya 25, na kila jozi hutambulikana kwa rangi mbili: moja ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano au zambarau, ya pili ni buluu, chungwa, kijani, kahawia au kijivu. Tano mara tano ni ishirini na tano, na mwenye kujua hesabu hiyo hapotei, ikiwa waliomtangulia hawakuvuruga. Lakini siku zote wamevuruga. Mpangaji aliyehama ameacha jozi zake zimefungwa kama alivyoacha misumari ukutani. Fundi mwenye haraka ameazima jozi ya ghorofa ya sita akaipeleka ya tisa, naye hakuandika popote. Karatasi yenye orodha, kama ilikuwapo, imechukuliwa na mtu wa kufagia.

Katika chumba hicho ndimo fundi wa kampuni anamoleta jozi zake nne au nane, akazipima, akazitundikia kibandiko chenye namba ya huduma, akaondoka. Mara nyingi huondoka hata bila kibandiko. Na kwa desturi ya mikataba mingi, siku hiyo ndiyo siku ankara inapoanza kuhesabiwa.

Kutoka hapo kwenda juu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuziunga jozi za kampuni, kama zilivyo, na jozi za nyumba, zipande mpaka chumbani kwa mpangaji, na kile chombo cha kampuni kinachozifunga jozi kuwa njia moja kikae huko juu pamoja naye. Njia ya pili ni kukiacha chombo chini, na kupandisha waya wa Etheneti kutoka katika chombo hadi juu.

Sisi, kwa yote tuliyoyasoma na kuambiwa na mafundi, twaipenda ya kwanza. Ishara iliyotembea kilomita mbili chini ya barabara haichoshwi na meta 60 za ukutani, kwa kuwa ilifanywa kwa safari ndefu. Etheneti yenyewe ina kikomo chake cha meta 100, na katika nyumba ndefu, ukihesabu kupanda, kuzunguka nguzo na kupita juu ya dari, meta hizo huisha upesi. Zaidi ya hayo, nyaya nyingi za zamani za ndani zilitosha kwa Etheneti ya megabiti 10, lakini si kwa ile ya 100, na kila kibao zinakopitia huzifumua msokoto wake kidogo. Chombo kikiachwa chini kinahitaji umeme wake na betri yake, ndani ya chumba ambacho funguo zake ziko kwa watu wengi, na siku moja mtu atakuja na kikuuzio chake cha kazi, atafute tundu la umeme, na atoe plagi asiyoijua. Lakini njia ya kwanza inataka jozi nyingi nzima za nyumba, na nyumba iliyozeeka huenda isiwe nazo. Hapo hakuna budi kuvuta waya mpya, na mwenye nyumba atauliza nani analipa.

Kuna hila moja katika jozi zilizofungwa pamoja, ambayo iliwapotezea watu siku nyingi. Jozi moja ikiharibika, huduma haifi. Mwendo hupungua tu. Kwa simu ya zamani waya ulikuwa mzima au umekatika, na mtu alijua. Hapa mpangaji analipia jozi nane, anapata sita, naye analalamika tu kwamba mambo ni mazito siku ya Jumatatu. Lingine ni la yule fundi achukuaye waya mmoja wa jozi hii na mmoja wa jozi ile. Akizipima kwa taa yake ataona umeme unapita, na kweli unapita. Lakini nyaya zile mbili hazikusokotwa pamoja, kelele hazifutani tena, na jozi ya jirani inavujia ndani yake mchana kutwa. Kosa hilo halionekani kwa macho, na kila anayeitwa huapa kwamba upande wake ni mzima.

Hapa ndipo faida ya mpaka inapoonekana, ikiwa wahusika wanaujua. Mpangaji humtuma fundi wake chini, akazichomoa nyaya za nyumba pale pale kibaoni, akaupima mwendo upande wa kampuni peke yake. Ukiwa mbovu hapo, kampuni haina neno. Ukiwa mzuri, fundi hupanda ngazi. Kazi ya nusu saa. Twasikitika kwamba mpangaji wetu, kampuni ile, na sisi wenyewe tulibishana miezi mitatu bila yeyote kuifanya.

Je, mwenye nyumba? Katika habari hizi zote yeye ndiye aliyekaa kimya zaidi, na kwa muda mrefu kimya hicho kilimletea faida. Wako waliotia saini na kampuni moja kwamba hataingia mwingine katika jengo lao. Tume ilizikataza kampuni kufanya mikataba ya namna hiyo katika majengo ya biashara mwaka 2000, na katika nyumba za kuishi zenye familia nyingi mwaka 2008. Katika uamuzi ule ule wa mwaka 2000, mwenye nyumba alipewa haki ya kuitaka kampuni ya zamani ya mtaa iuhamishe mpaka mpaka mahali waya unapoingilia, ili nyaya za kupanda juu ziwe chini ya amri yake na washindani wote wazitumie. Wengi waliitumia haki hiyo vema. Wengine walimweka mtu wa kuzisimamia nyaya za ukutani, aliyetoza ada kwa kila jozi iliyoguswa, na mpangaji akakuta kwamba ameondoka katika mikono ya kampuni moja akaingia katika mikono ya mlinzi wa ngazi. Mwaka 2022 Tume ilikuwa bado inatoa amri juu ya mapatano kama hayo kati ya kampuni na wenye majengo. Wakulima wa seng'enge wangelishangaa.

Shaba yenyewe inaondoka. Kampuni zimekuwa zikiiacha na kutia nyuzi za kioo zipitishazo mwanga, na maamuzi ya Tume ya mwaka 2019 na 2020 yalipunguza wajibu wa kuikodisha kwa washindani, hata kampuni zilizoishi kwa jozi za kukodi zikawahamisha wateja wao. Hayo yote hayaondoi swali, maana uzi wa kioo nao huletwa chini ya nyumba ukaishia pale. Kilichobadilika ni koleo la fundi.

Tuirudie nyumba yetu. Halmashauri ilipoyasikia hayo ilikubali, baada ya maneno makali kiasi, kwamba karani wetu alijibu kwa adabu lakini alikosea. Kampuni ilikuwa imefanya ilichoandika katika mkataba, na mpangaji alitia saini bila kuuliza waya utaishia wapi. Lakini ukuta ulikuwa wetu, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuutoboa. Tulimrudishia mpangaji kodi ya mwezi mmoja, jambo ambalo Mweka Hazina hajatusamehe, naye akakubali kubaki. Fundi wa mjini alitoboa sakafu nne karibu na bomba la maji ya mvua, akapitisha mrija wa plastiki, na ndani yake akavuta nyaya za kila ghorofa, pamoja na kamba moja tupu ya kuvutia nyingine zitakazokuja. Katika kijichumba cha nyuma ya ngazi tuliondoa ndoo na mafagio, tukapigilia ubao, tukaweka taa, na daftari lililofungwa kwa mnyororo ambamo kila fundi huandika tarehe, rangi za jozi alizozigusa na ghorofa alikozipeleka. Mikataba mipya ya vyumba ina kifungu kisemacho kwamba toka ubaoni kwenda juu waya ni wa Chama, na mpangaji huutumia bila ada maadamu amepanga.

Ghorofa ya nne ilipata intaneti Alhamisi moja saa tisa alasiri. Sasa katika daftari mna kurasa kumi na moja zilizoandikwa, mbili kati yake kwa mwandiko usiosomeka. Neno lililobaki, ambalo litaletwa tena katika mkutano ujao, ni ufunguo wa kijichumba: mlinzi wa usiku anasema akiwa nao ataamshwa na kila fundi, na Meneja anasema usipokuwa kwa mlinzi ataamshwa yeye.